Mtani na Siku Niliyoikosa Sindeni

Mara ya kwanza kuingia kwenye kambi yetu ya sanaa, Mtani alikuja kuzika.

Mimi ni mpishi pale. Kila likizo ya Juni, shule zikishafungwa, ile nyumba kubwa ya zamani ya meneja wa shamba la mkonge, nje kidogo ya mji wa Korogwe, hujaa wasanii: wachoraji, wacheza ngoma, watu wa maigizo na vijana wanaokuja kujifunza kwao. Hukaa wiki kadhaa, hula sana, na hubishana juu ya mambo ambayo mimi nikiyasikia kutoka jikoni nasema, haya, wali usiungue tu.

Siku ile mwalimu wa maigizo, kijana wa Dar mwenye adabu zake, alikuwa anawafanyisha zoezi. Mmoja alilazwa chali kwenye nyasi, akafunikwa shuka jeupe hadi kichwani, wenzake wakakaa kumzunguka, kimya, macho chini, eti wanasikiliza anavyopumua. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mchele. Nikajiambia, jamani, mtu akipita barabarani leo atasema kuna msiba hapa. Na mtu alikuwa ameshapita. Habari ilifika zile nyumba za safu walimokuwa wakiishi wakata mkonge wa Kinyamwezi, na kwa wanaoishi huko leo, wajukuu wao, kukiwa na msiba kwa Wazigua haulizwi mtu mara mbili.

Nikamwona mama mmoja mfupi, kifua mbele, anakuja mbio. Kanga kiunoni, majivu usoni, sufuria kuukuu kichwani kama kofia. Akawapita wote bila salamu, akasimama juu ya yule aliyefunikwa.

"Nani huyu mvivu amelala mchana kweupe? Amka! Huzikwi leo! Huzikwi mpaka nipewe ugoro wangu!"

Kisha akajitupa chini, akalala ubavuni mwa maiti, akavuta shuka wagawane. Maiti akapiga yowe, akaruka, akakimbilia jikoni kwangu. Mtani naye akaruka. Akabaki amekaa kwenye nyasi, sufuria imemfunika macho, akasema, "Ala! Maiti gani huyu hana adabu?"

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Alipoelezwa kuwa yule ni mtani, kwamba Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara, na kwamba mtani ana haki ya kuingia msibani na kumwiga marehemu mbele ya wafiwa, yule kijana nusura apige magoti. Akamwomba awe anakuja kambini kila mwaka. Mtani akauliza chakula anapika nani. Akaonyeshwa mimi. Akanitazama kuanzia kilemba hadi ndala, akasema, "Mzigua? Basi nitakuja na chumvi yangu."

Nikamjibu, "Njoo nayo, mpagazi. Wewe kubeba umezoea." Tukawa marafiki tangu siku hiyo.

Kambi ile huvuta watu, usifikiri alikuwa peke yake. Kuna mzee wa Kimaasai anayeleta maziwa, haondoki mpaka aonyeshwe kila picha iliyochorwa tangu jana, na kila picha huiambia "Sawa," hata iliyotundikwa kichwa chini. Kuna baba wa Bungu anayeshusha mboga na matunda kutoka milimani, huvaa koti na kofia ya sufu hata jua likiwaka, anasema baridi ya kwao huja nayo kapuni. Nawapenda wote. Lakini wageni wakiniuliza nani wa kukumbukwa hapa, mdomo wangu huenda kwa Mtani kabla sijaupa ruhusa. Alikozaliwa na ukoo wake tuviache. Yeye mwenyewe akiulizwa alisema alizaliwa msibani, watu wakakosa pa kuchekea.

Alikuwa na jicho, yule mama. Alikaa kwenye benchi la jikoni kwangu, kikombe cha chai mkononi, na kuwaangalia watu wanavyopita uani. Hakuwaangalia usoni. Aliangalia visigino, viwiko, namna mtu anavyoshika kamba ya ndoo. Wakati mwingine niligeuka nikakuta ananiangalia mimi ninavyokoroga ugali.

"Unaangalia nini?"

"Nakuwekea akiba."

"Akiba ya nini?"

"Ya siku yako. Au unataka nije nikakuige vibaya, watu waseme tumemzika mpishi wa jirani?"

Uso wangu ulipata baridi, halafu nikacheka. Ndivyo alivyokuwa. Alikutisha kwanza, kicheko kikakukuta umeshafunguka.

Salamu zangu hakuzitaka kabisa. Ananizidi umri mbali, kwa hiyo kila asubuhi nilimwambia shikamoo kama nilivyofundishwa. Kila asubuhi alinijibu, "Shikamoo za Kizigua weka. Utaniamkia nikifa."

Na hakumwiga mtu aliye hai. Hilo lilikuwa sharti lake. Wale vijana walimsumbua, bibi, niige mimi, niige mwalimu, niige mpishi, akakataa katakata. "Aliye hai bado anajiiga mwenyewe," alisema. "Nikiingilia, tutakuwa wawili kwenye kazi moja."

Nilimwona kazini Masuguru, mtaani kwangu, alipokufa fundi baiskeli mmoja. Mjane wake tangu asubuhi alikuwa hajameza kitu, hata maji, amekaa kama gogo. Mtani akaja na mikono imepakwa grisi. Nilidhani atapiga kelele kama kawaida yao. Wapi! Alichuchumaa mbele ya watu wote, akazungusha gurudumu lisilokuwepo, akalitegea sikio kwa muda mrefu, akafumba jicho moja. Kisha akamtazama mjane na kusema taratibu, "Mama, hii haiponi. Tafuta nyingine." Yule fundi, Mungu amrehemu, ndivyo alivyomwambia kila mteja maisha yake yote. Mjane akapasuka kicheko, kisha kilio, kisha kicheko tena, na baada ya hapo akanywa uji bakuli zima. Tukiwa njiani kurudi nilimwambia Mtani kwamba hakumwiga marehemu sauti.

"Mdomo kila mtu anao," akasema. "Mtu mwenyewe hukaa mahali pengine. Mmoja yuko gotini. Mwingine yuko anapojikunia. Ukimkuta alipo, hata wafiwa wanakusamehe."

Sasa mtu kama huyo utasema ana moyo wa jiwe. Sikiliza. Siku za kuchinja kuku kambini alikuwa haonekani. Akisikia kuku anashikwa, anachukua kanga yake na kwenda zake barabarani, harudi mpaka nyama iwe imeshaiva na haifanani na kuku. Harusini alilia. Si machozi ya furaha, kulia kweli, kamasi na yote, mpaka bibi harusi mmoja akaogopa. Na makaburini hakukanyaga. Aliwachekesha watu hadi jeneza lilipobebwa, kisha akabaki nyuma kuosha vyombo na kina mama, kimya kabisa, na ukimsemesha hakujibu.

Mwaka mmoja mwalimu alitaka awe kwenye onyesho la kufunga kambi. Wageni walialikwa kutoka mjini na hata kutoka Handeni, viti vikapangwa, Mtani akashona kitenge kipya. Alipanda jukwaani huku watu wakimpigia makofi. Akasimama. Akawatazama. Akaanza kushika sufuria kichwani kwake, akaacha. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Amekufa nani?"

Watu wakacheka, wakidhani ndiyo sanaa yenyewe imeanza. Hakucheka. Akangoja atajiwe jina. Akashuka, akaja moja kwa moja jikoni, akakaa kwenye benchi na kitenge chake kipya. Nikampakulia pilau, nyama ya juu kabisa. Akala robo sahani, akasema, "Mzigua, walinitazama kama televisheni." Mwalimu alikuja kumwomba radhi, naye akamwambia hapana mwanangu, kosa langu, nilitaka kuvaa kitenge.

Mama yangu alikuwa mkulima wa Sindeni, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Kila Juni, mahindi yakishakauka, alipanda basi kuniletea kiroba cha unga na mbaazi, akakaa nami siku chache. Mara ya kwanza kumkuta Mtani jikoni, hakuna aliyewatambulisha. Mama alisimama mlangoni na kiroba chake kichwani, akaniuliza huku akimtazama mwenzake, "Huyu mpagazi nani kamfungulia?"

Mtani hakugeuka. "Mzigua, mvua imenyesha huko kwenu, au bado mnaichungulia?"

"Imenyesha. Ilikuwa inangoja muondoke na mizigo yenu."

"Basi kaa, kabla njaa haijakuangusha."

Mama akatua kiroba, akalifuta benchi kwa mkono, akakaa. Hawakuinuka hapo mpaka jioni. Walitukanana matusi ya kitani yasiyoandikika, wakamenya viazi vyangu vyote, na wakati wa kuagana wakashikana mikono kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona mama akimshika baba. Mwaka uliofuata mama alikuja na viroba viwili. Nilimwonea wivu Mtani, nasema kweli. Mama aliacha kusema anakuja kuniona mimi, akawa anasema anakwenda Korogwe.

Siku moja niliwasikia wakipanga kifo kama watu wanaopanga kwenda gulioni.

"Nikitangulia," mama alisema, "usinifanyie uvivu. Nataka Sindeni yote ivunjike mbavu."

"Na nikitangulia mimi?"

"Nitakuumbua mpaka uombe kufufuka."

Akatangulia mama. Mwaka huo nilikuwa na mimba ya mwisho, nikafanyiwa upasuaji, binti yangu akazaliwa salama. Kesho yake kaka yangu akapiga simu kutoka Sindeni. Mama alikuwa ameanguka shambani, hakuamka. Kwetu Waislamu maiti hangojwi. Niliwaambia wauguzi naondoka, nikamzike mama yangu. Muuguzi mmoja mtu mzima akanishika bega, akasema, "Mwanangu, mshono huo haufiki Sindeni." Kweli, hata kusimama nilishindwa. Nikamzika mama nikiwa nimelala kitandani, natazama feni, mtoto ananyonya.

Lakini Mtani alifika. Hakuitwa na mtu. Alipata habari, akapanda basi hadi Handeni mjini, na kutoka hapo bodaboda, na kila aliyekuwepo alinisimulia baadaye kwa jinsi yake. Kwamba aliingia na kiroba cha mchanga kichwani. Kwamba alikuwa mwembamba, wakaniapia, yule mama mwenye kifua kile, siku ile alikuwa mwembamba. Kwamba alimfokea kaka yangu kwa kuchimbia jembe butu, kwa sauti ileile, mpaka kaka akasema "Naam, mama" kabla hajakumbuka. Watu waligaagaa kwa kicheko.

"Halafu akakaa," wifi yangu alisema.

"Akakaaje?"

"Akakaa tu. Sijui nikuambieje, wifi. Alikaa, na hapo ndipo sote tukalia."

Nilimuuliza kaka. Akasema hivyo hivyo, alikaa. Niliwauliza majirani. Alikaa, alikaa kama mama yako. Nikauliza kama hakuna aliyepiga video, siku hizi watu wanapiga video hata mbuzi akizaa. Wifi akanitazama kwa mshangao. "Wewe! Nani angeshika simu pale?"

Ikaniuma. Kukosa kaburi niliweza kukubali, kaburi lipo, nilikwenda baadaye nikalisomea dua. Lakini mama yangu alirudi mara moja tu, akakaa mbele ya watu, Sindeni nzima ikamwona, na mimi mwanawe wa pekee wa kike sikumwona. Nilipopata nguvu nikaenda kwa Mtani, mtoto mgongoni, nikamwomba anifanyie. Kidogo tu. Hata pale alipokaa tu.

Alitikisa kichwa kabla sijamaliza. "Marehemu huigwa siku yake. Ukimrudia unamchosha. Mwache mama yako apumzike."

"Mimi sikumwona!"

"Najua."

"Wote walimwona ila mimi!"

"Najua, mwanangu," akasema, na hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya hapo. Lakini hakukubali. Niliomba mwaka ule, nikaomba mwaka uliofuata. Alinikatalia kwa upole uleule, na upole ndio ulionitia hasira zaidi. Kuna Juni moja nilimpimia wali kiduchu tangu kambi inafunguliwa hadi inafungwa. Alikula akashukuru, akaosha sahani.

Miaka ikaenda. Binti yangu akaanza shule. Mwaka jana kambi ilifunguliwa, Mtani hakuja. Nilidhani amenuna, nikasema nami nitanuna. Baba wa Bungu ndiye aliyeniambia, huku akitua kapu lake, kwamba amepigwa na kiharusi, upande mmoja hauna kazi tena.

Nikafunga sahani ya pilau kwenye kitambaa, nikaenda. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye ile safu, mlango wazi, yeye amekaa kitandani ameegemea ukuta. Alikuwa amepungua. Mdomo umekwenda upande, lakini jicho lilikuwa lilelile.

"Shikamoo," nikasema kwa mazoea.

"Weka..." akaanza. Akafikiri kidogo. "Au haya, lete. Marahaba."

Nikamlisha pilau kwa kijiko. Akasema chumvi imepungua. Baada ya maji akanishika mkono kwa ule mzima wa kwake.

"Mama yako alinitangulia, akaniacha bila mtu. Sasa mimi nani ataniiga? Watoto wangu watalia. Wewe utapika. Nani atacheka?"

"Wazigua tuko wengi."

"Wengi, hamna macho. Wewe umekaa nami jikoni miaka yote hii. Umekusanya nini?"

"Aliye hai haigwi. Ulisema mwenyewe."

Akaushika ule mkono uliopooza, akaunyanyua juu, akauachia. Ukaanguka mapajani kama kitambaa. "Nusu imeshatangulia," akasema. "Iga hiyo."

Nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka machozi, naye akacheka na upande wake mmoja. Hapo nikaona anasubiri. Hakuwa anatania. Yule mama alikuwa amewasindikiza watu wa pande zetu wote kwa kicheko, na sasa alikuwa anaogopa kwenda kimya kimya.

Nikainuka. Pembeni palikuwa na sufuria, nikaivaa kichwani. Nikatoka nje, nikaingia kwa kishindo, kifua mbele, "Huzikwi! Huzikwi mpaka nipewe ugoro wangu!" Nikafanya lile onyesho, nikauliza amekufa nani. Alinitazama kama mtu anayeonja mchuzi uliosahauliwa chumvi.

"Mdomo huo," akasema. "Mdomo kila mtu anao. Endelea."

Sikuwa na kingine. Nilichokuwa nacho chake, kilichonikaa moyoni kuliko vyote, kilikuwa ni siku ambayo sikuwepo. Basi nikaianza hiyo. Nikajitwika kiroba kisichokuwepo, nikaingia Sindeni kama nilivyosimuliwa. Nikamfokea kaka kwa jembe butu. Nikamwiga yeye akimwiga mama yangu, sufuria bado kichwani, nikafika mbele ya kigoda kilichokuwa karibu na kitanda.

"Halafu ukakaa," nikasema, na nikakaa, pu! "Sijui ulikaaje, Mtani. Hakuna aliyeweza kuniambia."

Nje mtu alikuwa anatwanga.

"Si hivyo," akasema mwishowe. "Sikiliza. Nakufundisha kazi. Simrudii mtu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Akajiweka sawa ukutani. Akainamisha kichwa kidogo kushoto, kama anayesikiliza chungu kama kimeanza kuchemka. Kisha kwa kiganja cha ule mkono mzima akafuta shuka kitandani, mara mbili, polepole. Hakufuta alipokaa yeye. Alifuta pembeni yake. Akapatazama kama pamekuwa safi, halafu akanitazama mimi.

Mama hakuwahi kukaa bila kumfutia mtu mwingine pa kukaa. Kwenye mkeka, kwenye benchi la jikoni kwangu, kwenye gogo shambani, hata kama hapana mtu karibu. Nimefutiwa pale pembeni yake tangu sijajua kutembea, na sikuwahi kupaona.

"Haya," akasema, kwa sauti kubwa kuliko mwili.

Nikaivua sufuria kichwani, nikaenda nikakaa.